Hati ya Shamba Imo Kaburini kwa Mama

Mpendwa Apai Linggir,

Nimekuwa nikisoma majibu yako gazetini, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo nyumba yetu nzima haitanisamehe, maana jembe nimeshaliazima, liko nyuma ya tangi la maji, na siku nikilitumia hakuna ushauri utakaonifaa tena. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, sina mume, naishi kwenye nyumba ndefu ya familia nyingi, kila moja na mlango wake, huku mto Saribas, katika chumba kilekile nilichozaliwa, nilimuuguza mama mpaka akafariki mwaka jana mara tu baada ya mavuno, na ndugu niliye naye ni mmoja, kaka yangu Munan, anayefanya kazi kwenye gesi huko Bintulu, ambaye siku ya mazishi alifika jeneza likiwa limeshafungwa.

Mama alikuwa na mkoba mweusi, mshikio wake ulikatika akaushona kwa uzi wa kuvulia samaki, na hakutoka bila huo mkoba, kanisani, zahanati, siku za mwisho hata chooni, kwa hiyo tulipokuwa tunamwekea vitu vya kumsindikiza kama ilivyo desturi yetu, saruni yake, sahani, tambuu, kisu chake cha kuvunia mpunga, nikauchukua ule mkoba nikauweka ubavuni mwake, na jirani yetu wa mlango wa pili, bibi Indai Lemia, aliyekuwa anamchana nywele, akaniuliza, "Mwanangu, umeufungua kwanza?" nami mbele ya wanawake wote nikamjibu, "Mama yangu hapekuliwi!" kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, na yule bibi akainamisha kichwa, akaendelea kuchana.

Wiki ya tatu mkuu wa nyumba akaniambia niende ofisi ya wilaya kufungua mirathi, kwa sababu shamba letu la pilipili manga na mpira liko kwa jina la mama. Nikaenda na cheti cha kifo, vitambulisho na majina ya warithi, karani akavipanga mezani akasema, "Vizuri. Sasa hati halisi ya shamba," nikarudi kuitafuta, nikainua magodoro, nikafungua mitungi yote, na hapo nikiwa na kifuniko cha mtungi mkononi nikamkumbuka mama akiikunja ile hati mara nne na kuisukuma ndani ya bitana ya ule mkoba, Apai Linggir, nilikaa chini pale pale mpaka kuku wakanizoea.

Sikumwambia mtu. Nilirudi kwa karani nikasema hati imeliwa na mchwa, akanitazama, akasema, "Mchwa wa mto wenu wamesoma sana, mama, hii ni hati ya nne mwaka huu," lakini akanipa karatasi ya kiapo, na mimi nikaapa, nikatia sahihi. Munan aliposikia kwa watu habari ya mchwa akanipigia simu. "Mchwa gani hao wanaokula hati wakaacha kalenda ukutani? Sema umemuuzia nani." Nikamwambia, "Kaka, kwa nini niuze shamba ninalolipalilia mwenyewe?" Akasema, "Ndilo hilo. Unaliona lako peke yako." Anakuja sikukuu ya mavuno, Gawai, amesema atasimama ukumbini mbele ya milango yote ishirini na mitatu aniulize, na nisipojibu mimi si dada yake tena. Habari imeshaenea nyumba nzima, na wapo wanaoniita mwizi.

Sili. Makaburini nimeshakwenda mara mbili, mchana, watu wakiwa mashambani, na mara ya pili nilipiga magoti nikaanza kung'oa majani juu ya mama, nikasikia mtu anakohoa bondeni nikakimbia. Nifukue, au niache shamba na kaka vyote vipotee?

Mwenye Jembe, Saribas

*

Mwenye Jembe,

Kwanza rudisha jembe la watu. Leo. Barua hii itakungoja.

Umerudi? Haya, dada yangu, pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye kuku. Wala sitakucheka kwa mambo ya ofisini, maana baba yangu alipofariki mimi nilimpelekea karani cheti changu cha ndoa badala ya cheti cha kifo. Akauliza kwa upole, "Sasa hapa aliyekufa ni nani?" Mke wangu bado anaisimulia kila Gawai, na kila mwaka inarefuka.

Lakini kukugombeza nitakugombeza. Umekaa na jambo hili karibu mwaka mzima, na udongo wa Saribas unaujua kuliko mimi. Kwa mvua hizi, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya bitana ya kitambaa imeshakuwa uji. Ukifukua hutakuta hati. Utamkuta mama yako, katika hali ambayo hukuumbwa kuiona, na hiyo ndiyo utakayobaki nayo badala ya sura yake. Hapo tena mkuu wa nyumba atakutetea kwa lipi, wakati kaburi la mtu umelifungua kinyemela kama mwizi wa matunda ya durian?

Shamba halijazikwa. Ulichozika ni karatasi. Shamba limeandikwa kwenye daftari la ofisi ya ardhi, kwa jina la mama yako, na hati ikipotea au kuharibika, kuna utaratibu wa kutolewa nyingine. Ni utaratibu mrefu. Utaripoti polisi, utaapa, tangazo litatolewa, mtangoja kama kuna mwenye pingamizi, na utapanda boti kwenda mjini mara nyingi kuliko unavyopenda. Msimamizi wa mirathi ndiye anayeufuata, kwa hiyo usimamizi wenyewe usiuache njiani.

Sasa kinachonitia hofu. Kile kiapo cha mchwa ni uongo ulioutia sahihi, na uongo wa namna hiyo una kesi yake. Mtafute mwanasheria wa msaada wa kisheria mjini kabla hujagusa karatasi nyingine, kisha rudi kwa karani mwenyewe, usingoje kuitwa, useme, "Nilidanganya, naomba kuandika upya." Ataguna. Mwache agune. Andika pale hati ilipo: ndani ya mkoba, ndani ya jeneza, niliuweka mimi, sikuufungua. Kwa watu wetu jambo hilo si kichaa, na wewe si wa kwanza.

Munan mpigie kabla ya Gawai, asisikie ukumbini. Sitakudanganya, huenda asikuamini. Mtu aliyekuta jeneza la mama yake limefungwa ana hasira ambayo haijapata pa kukaa, na imekukuta wewe. Hakuna ofisi inayogonga muhuri juu ya hilo. Mwambie ukweli mara moja, bila kupamba, umwombe muende kwa karani pamoja. Akikataa, nenda bila yeye, na jina lake liandike kwenye orodha ya warithi vilevile.

Utahitaji shahidi aliyeuona mkoba ukiingia, na unaye. Amekaa mlango wa pili kutoka kwako karibu mwaka mzima, anasikia unavyoitwa mwizi, na hajasema neno. Unadhani Indai Lemia amesahau? Ulimfunga mdomo mbele za watu, na bibi yule ana adabu, anangoja uufungue wewe.

Nenda kwake kesho asubuhi kabla hajashuka mtoni. Usianze na habari ya kiapo wala ofisi. Keti chini, umwambie, "Indai, uliniuliza kama nimeufungua. Sikuufungua." Kisha nyamaza, naye aseme atakalo, hata akitaka kukuchapa.

Na mama mwache alale na mkoba wake. Hakuwahi kutoka bila huo.

Apai Linggir