Kifungu cha Tisa Sikisaini

Karakana ya Mama Noela,
Nyarugusu, Geita.
9 Juni, 2025.

Mpendwa kaka yangu Marselino,

Mwangaluka, kaka, na shikamoo juu yake. Habari za Chunya? Kifua kinaendeleaje na lile vumbi la mgodini? Kunywa maziwa, usiwe mkaidi. Ukaidi wa familia hii niachie mimi.

Sisi huku tu wazima. Noela mwanangu yuko kidato cha tatu na ameshanizidi urefu, viatu tunaazimana. Mama yuko Mhunze, magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna ugonjwa hata kidogo. Pamba ya mwaka huu si haba. Ba mdogo Luka amemaliza kuvuna na ameanza kugombana na wanunuzi kuhusu mizani, kama kila mwaka.

Sasa sikia. Ujumbe wako wa simu niliuona: "Saini, usiniaibishe." Nimeamua kukujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati. Kaka, sijasaini. Na kwa jinsi mkataba ule ulivyo, sisaini, hata waje na padri.

Najua ni wewe uliyenitafutia nafasi kwa hao mawakala wako wa ajira, na nakushukuru, wabeja sana. Kazi ya kuchomelea ndani ya mgodi mkubwa, malipo kila mwisho wa mwezi! Si kama huku ninakokimbizana na wenye makarasha, hizi mashine za kusaga mawe, ambao wakipata dhahabu wanakulipa na wasipopata wanakukwepa njiani. Kazi ile niliitaka, sikufichi. Mama alishatoa shukrani kanisani kabla hata sijaiona karatasi yenyewe. Wanawake wa sokoni wakaanza kuniita "mama wa mgodini", nami nikawa naitika, mjinga mimi.

Mwakilishi wao, Bwana Theonest, alikuja karakana Jumanne moja mwezi wa nne, gari hajalizima, kurasa kumi na moja mkononi na kalamu imeshafunguliwa. Akasema mafundi wenzangu sita wamesaini juu ya boneti ya gari, dakika mbili mbili. Nikamwambia aziache. Mimi hata bati silinunui bila kuligonga nisikie mlio wake, sembuse kusaini kitu cha miaka miwili!

Nilizisoma siku mbili, chaki ya kuwekea vyuma alama mkononi. Humo wananiita "mkandarasi huru". Maana yake mimi si mwajiriwa wao: nikiugua ni juu yangu, bima juu yangu, akiba ya uzeeni juu yangu, hata buti na miwani nijinunulie. Sawa, nikasema, huru ni huru, hayo nimeshayazoea. Nikageuza ukurasa. Kifungu cha nne: niwe getini saa kumi na mbili asubuhi, nitoke saa kumi na mbili jioni. Cha tano: nisimchomelee mtu mwingine yeyote, hata Jumapili. Cha sita: hata mkataba ukiisha, nisifanye kazi hii mkoa mzima wa Geita kwa miaka miwili. Jamani! Uhuru gani huo wa mbuzi aliyefungwa kamba? Karakana hii nimeijenga miaka tisa, tangu baba Noela afariki, wanaume wakipita wanamcheka mwanamke mwenye miwani ya kuchomelea. Leo hao hao ndio wananiletea vyuma vyao. Niifunge kwa saini moja? Thubutu!

Jumamosi nikapanda basi hadi Mhunze, nikawasomea nyumbani, nikitafsiri kwa Kisukuma. Nilipofika panaposema mashine yao ikiharibika mikononi mwangu nailipa nzima, Ba mdogo Luka alicheka mpaka akakohoa. Unajua yule miaka thelathini anatunza ng'ombe wa watu. "Ng'ombe wa mtu akifia kwangu," akasema, "nampelekea ngozi mwenyewe aione, yanaisha. Hawa wa kwako wanataka ngozi, nyama, na ng'ombe mwingine mzima?" Hata Mama, aliyekuwa amenuna kwa ajili ya zile shukrani zake za kanisani, alicheka.

Nikarudi Nyarugusu, nikachukua rula na kalamu nyekundu. Cha tano na cha sita nikavikata. Kile cha mashine nikaandika pembeni: ikiharibika kwa kazi ya kawaida, nawaonyesha kilichovunjika, basi. Yaani nimewaandikia sheria ya ngozi ndani ya mkataba wao wa kisasa, kaka! Na cha tisa nikakipiga mistari miwili.

Theonest alipouona wino mwekundu aliruka. Eti mkataba hauchorwichorwi na fundi. Nikamwambia mkataba ni wa watu wawili. Kama ungekuwa wa mtu mmoja angeuita tangazo akaubandika ukutani. Akaondoka nao kwenda kuwauliza wakubwa wake. Baada ya wiki mbili akarudi mpole: cha sita wamekifuta, Jumapili wameniachia, na cha mashine wamekubali. Umeona? Kuuliza si ujinga. Kilibaki cha tisa tu, na hicho wamekataa katakata. Nami nilipokataa vilevile, Theonest akakasirika akasema, "Kaka yako alisaini karatasi hii hii, kifungu hiki hiki, na hakutusumbua."

Kaka, alipoondoka nikakisoma upya.

Kifungu cha tisa kinasema mkandarasi asikose kazini kwa dharura yoyote, iwe ugonjwa au msiba, bila taarifa ya maandishi ya siku saba. Akikosa, mkataba umevunjika, na anawarudishia gharama zote walizotumia juu yake tangu siku ya kwanza. Siku saba! Nani anatoa taarifa ya msiba siku saba kabla? Marehemu ndiye aandike barua?

Nikamkumbuka Baba. Mwaka juzi tulikupigia simu Alhamisi, tukazika Jumamosi, na wewe hukuja. Ulisema gari liliharibika njiani. Hakuna aliyeamini. Luka alitupa udongo wa kwanza kwa niaba yako, wewe kifungua mimba, na watu wakaangaliana. Mimi nikasema mbele ya matanga yote kwamba sina kaka. Ndiyo, nilisema, na najua maneno yalikufikia. Kumbe hukuwa hata njiani. Ulikuwa kambini na karatasi yako, ukaona afadhali tukuite mwongo kuliko kutuambia umefungwa. Nimekukasirikia kwa kutuficha, na nimelia kwa yale niliyosema. Nisamehe, kaka yangu.

Kwa hiyo nimewarudishia karatasi zao. Mama ana miaka sabini na sita. Siku yake ikifika, ambayo Mungu aisogeze mbali, sitaomba ruhusa kwa mtu anayeniita huru. Kazi ile nimeikosa, na inaniuma. Ada ya Noela itatoka kwenye makarasha kama zamani. Wanawake wa sokoni wameshaanza kunisema. Waseme! Mafundi wawili kati ya wale sita wamekuja karakana, mikataba imekunjwa mfukoni, wananiuliza kifungu cha tisa kinasemaje. Nawasomea, tena kwa sauti.

Mkataba wako unaisha Septemba. Nimekufungia humu nakala niliyoitia alama. Isome kabla hawajakufungulia kalamu. Wakikataa kukifuta, rudi. Karakana hii ina kazi ya kutosha watu wawili. Bosi wake ni mkali, lakini ukifiwa anafunga mlango mnakwenda wote.

Luka anakusalimu, na Noela anasema anakumbuka ulivyomfundisha kuendesha baiskeli mkaangukia wote kwenye pamba. Mama naye anakusalimu. Nilikwenda Jumapili kumwambia kwamba na wewe ulisaini kile kifungu. Alipekecha ncha ya khanga. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hakukataa kuja?"

Unajua kaburi la Baba mpaka leo halijajengewa. Mwaka jana tulinunua saruji, Mama akatuzuia na hakutupa sababu, tukamwona mzee anasumbua. Jumapili ndiyo ametuambia: anakusubiri wewe. Msalaba wa chuma nimeuchomelea mwenyewe, umeegemea nyuma ya mlango hapa karakana. Mimi kazi yangu nimemaliza. Kuusimika ni kazi ya kifungua mimba.

Mungu akulinde na vumbi, akulinde na wenye kalamu za haraka, akufikishe nyumbani.

Ni mimi dada yako, mwenye kaka,
Bernadina (Mama Noela)