Redio na Ngoma Nyumba Moja

Mjukuu wangu Alinda,

Marahaba. Hapa Kanoni tu wazima, na kahawa imeanza kuiva.

Unauliza kama intaneti ya akiba ipite kwenye nguzo ileile inayobeba intaneti yenu ya kwanza. Mimi naogopa. Mwaka wa vita tulitegemea redio moja; ikizimika, ngoma ya kanisa ingepigwa hatari ikionekana. Vyote viwili tuliviweka kwa jirani mmoja.

Asubuhi moja tulimenya ndizi huku tukisikiliza upande wa kwa jirani. Kimya. Mama akasema, “Leo kumetulia.” Kumbe jirani alikuwa amekimbia alfajiri, mlango kaufunga, redio na ngoma vimo ndani. Tulijua vita vimekaribia tulipowaona watu wa kijiji cha Isingiro wakipita na magodoro kichwani.

Tafuta njia nyingine, mjukuu wangu. Mpaka leo simu yako ikinyamaza, natoka kuangalia barabara.

Babu yako