Bamama tano na habari ya Kazimia

Mujukuu yangu Neema,

Huku Baraka tuko bazima, mama yako iko navuna mihogo na kucheka. Unauliza kama unaweza kuamini site za internet kwa kazi yako ya université, juu site tano zinasema kitu kimoja.

We! Wakati babu yako alikuwa ananichumbia, bamama tano ba soko bakaniambia: "Dada, mwanaume wako alisha kuoa bibi kule Kazimia!" Nililia, nikataka kumukataa. Kisha nikauliza kila moja: "Nani alikuambia?" Bote balisikia kwa mama mumoja, na ule mama alikuwa na binti wa kuolewa!

Nikapanda boti mpaka kule Kazimia. Nikamukuta babu yako anafua shati yake peke yake. Huku kwetu, mwanaume mwenye bibi hafui shati.

Angalia basi kama hizo site tano nazo hazina mama yao mumoja.

Koko yako mwenye kukupenda