Ndoo Yako ya Kimchi

Wifi yangu Jeom-rye,

Basi kabichi za kimchi, zile tunazotia chumvi na pilipili kuweka akiba ya baridi, tumezimaliza jana pale uani kwa kanisa. Barua hii mke wa mchungaji ndiye anayeiandika, mimi nasema tu. Tulikuwa wajane wanne tu mwaka huu, wewe haukuwepo. Bok-nam, mdogo wetu kuliko wote, kaniambia, "Bibi, mdomo wako unafanya kazi kuliko mikono." Mtoto hana adabu, na ana miaka sitini na nane.

Tukagawa kama kila mwaka, ndoo moja kwa kila mjane. Yako nikasema nabeba mwenyewe. Maana tangu nilipokusema mbele ya watu kwamba chumvi yako imeharibu kabichi za Mungu, mwaka mzima hatukusalimiana, kila mtu na benchi lake. Nikapanda kilima nikipanga maneno ya kukuomba radhi. Nikakuta kufuli. Jirani akasema, "Mwanawe kamchukua juzi, kampeleka Seoul. Kaanza kusahau watu. Hakukuaga?"

Nikakaa kizingitini pako, wifi, nikalia kama mtoto. Kama utanisahau, basi anza na ile siku ya chumvi.

Bok-nam ananiita, tunampelekea supu mgonjwa mmoja wa kanisani. Ngoja niende.

Wifi yako, Kkeut-sun