Jiwe Lako Wamelizungushia Kamba

Mama,

Shikamoo. Nilitaka kukuandikia nikishatulia, lakini sitatulia leo wala kesho. Nina hasira, Mama.

Jana nilimpeleka mjukuu wako Neema kuripoti mwaka wa kwanza kwenye chuo kile walichojenga palipokuwa kwetu. Ndiyo, kile cha vioo ambacho watu wanatoka mbali kuja kukipiga picha. Ni kizuri, sitasema uongo. Neema alizunguka mdomo wazi. Uani wamejenga tembe la udongo, na kijana mwenye tai aliyetutembeza akasema, "Architect alitaka kuonyesha heritage ya wenyeji." Wenyeji! Tembe letu lilipitiwa na katapila ukiwa bado unatoa vyungu.

Ndani nikaliona jiwe lako la kusagia. Liko juu ya zulia jekundu, limezungushiwa kamba, na kibao: USIGUSE. Nililijua kwa lile pengo la pembeni, nilipoliangushia mchi nikiwa mdogo ukanikimbiza hadi zizini.

Si walituambia limefukiwa na kifusi? Waongo wakubwa! Miaka yote ile Ipagala, kwenye chumba cha kupanga, ulibaki na kile kijiwe chake cha juu, cha kusagia kwa mkono, peke yake dirishani. Nikitaka kukitoa unasema, "Kiache, mwenzake yupo." Na unga wa dukani ulikuwa unaunusa, unausogeza kando. Hauna harufu, unasema. Umekufa hujaipata tena harufu ya unga wa jiwe lako, na jiwe lilikuwa hapahapa mjini, linapigwa picha.

Nikaomba nirudishiwe. Kijana akaenda kuuliza, akarudi: "Samahani mama, ni sehemu ya design." Jiwe lililotulea sote leo ni pambo! Nilipiga kelele, Mama, hadi wageni wakageuka. Neema akanivuta mkono, akiogopa wasije wakamwekea kinyongo kabla hajaanza hata kusoma. Nikatoka kwa ajili yake. Njia nzima nililia.

Jumamosi wanapokea wageni. Nitabeba kijiwe chako na uwele kidogo kwenye kikapu. Nitaivuka hiyo kamba, nipige magoti, nisage. Wakitaka kunitoa, wanitoe mbele ya kamera zao.

Pumzika, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba watalirudisha. Nakuahidi litanukia uwele. Na Neema, yule mwoga wako, amenipigia asubuhi hii kusema ungo atauleta yeye.

Mwanao,
Debora