Mlango wa Nyuma

Mke mwenzangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Igogo tu wazima, na tangu serikali iachie biashara huru, mama yako amefungua genge la pili. Mtaa mzima wanajua mjukuu wangu anasomea kuchora majengo. Hata wasioniuliza nawaambia.

Unasema mwalimu anataka uamue mwezi huu: mradi wako wa kumalizia chuo uwe hoteli ya ghorofa au soko la kina mama wa dagaa?

Nilipoolewa, mume wetu alinijengea nyumba nzuri kuliko zote kijijini. Lakini mlango aliuelekeza kwenye mlango wa baba yake, na kwetu mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe. Nikashinda ndani na ndoo mkononi, mzee kakaa kibarazani hanyanyuki.

Jioni nikamuuliza mume wetu, "Hii nyumba umemjengea nani?"

Alicheka, kisha akatoboa mlango wa nyuma.

Hoteli mimi sijalala hata moja, mwenzangu. Lakini kina mama wa dagaa nimeshawaambia utakuja likizo kuwasikiliza, na wameanza kugombania nani aongee nawe kwanza.

Bibi yako anayejivunia wewe,
Mama Shija