Turubai Lililopungua Shubiri

Kaka,

Fundi turubai amesema leo asubuhi kwamba turubai jipya la boti ya Baba limepungua shubiri nzima. Baba alimkataza kupima fremu, akampa turubai kuukuu alifuatishe, kumbe lilikwishasinyaa kwa jua la miaka kumi.

"Mzee, si nilikwambia?" fundi akamwambia, akilivuta turubai lisifike ukingoni mwa fremu.

"Vuta, mvivu wewe!" Baba akajibu, kisha akakohoa mpaka akakaa chini.

Tangu tumzike Mama hataki kulala nyumbani. Analala botini, na mvua inamnyeshea. Daktari anasema kifua chake hakitastahimili. Mimi nimechoka kumbembeleza, lakini wewe anakusikiliza.

Fundi atarudi Jumamosi saa tatu kupima fremu yenyewe. Mpigie Baba leo, akubali kulala kwangu mpaka siku hiyo.

Mdogo wako